Mwanga unapopungua: tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO vikilinganishwa

Mtu anayesimama Kituku, kando ya Ziwa Kivu mjini Goma, mwendo wa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, kamera ikiwa mkononi na mitumbwi ikirudi ufukweni, hana muda mrefu wa kufikiri. Goma iko karibu sana na Ikweta, kwa hiyo jua halikokoti rangi zake angani kwa saa nzima kama linavyofanya Ulaya wakati wa kiangazi. Hushuka karibu wima, na baada ya dakika ishirini hivi ni giza. Katika dakika hizo picha huanza kuwa nyeusi, na mpigapicha ana njia tatu za kuirudishia mwangaza: kupanua tundu la lenzi (mlango unaopitisha mwanga), kupunguza kasi ya shata (pazia linalofunguka ili mwanga uingie), au kupandisha ISO (kiasi ambacho kamera hukuza ishara iliyopokea). Maneno haya matatu hufundishwa kwa kawaida moja baada ya jingine, kila neno na maelezo yake, na mwanafunzi huyakariri bila kujua lipi alishike lini. Mimi naona huwa wazi zaidi yakiwekwa pamoja na kuulizwa swali moja: likikupa mwangaza, linakunyang'anya nini?

Tuseme kwamba kabla ya jua kuzama, picha ya mvuvi anayefunga mtumbwi wake inatoka vizuri kwa tundu la f/4, kasi ya 1/125 ya sekunde na ISO 400. Kisha mwanga unapungua mpaka inabaki sehemu moja ya nane ya ule wa mwanzo. Ukiamua kubadilisha tundu peke yake, utalipeleka f/1.4, ukibadilisha kasi peke yake, utaishusha mpaka 1/15, ukibadilisha ISO peke yake, utaipandisha mpaka 3200. Katika kila njia umepiga hatua tatu, na kila hatua huzidisha mwangaza mara mbili, kwa hiyo picha zote tatu zitalingana kwa mwangaza. Lakini ziangalie vizuri. Katika ya kwanza macho ya mvuvi yanaonekana wazi, ilhali kamba iliyo mbele yake na mitumbwi iliyo nyuma vimefunikwa na ukungu. Katika ya pili mawe ya ufukweni yanaweza kuwa wazi ikiwa mkono wako umetulia, ila mvuvi mwenyewe ameyeyuka kwa sababu alikuwa akisogea. Katika ya tatu mvuvi, kamba na mawe vyote vinasomeka, lakini sehemu za kivuli zimejaa chembechembe kama mchanga uliomwagwa juu ya picha.

Tundu: kipi kiwe wazi na kipi kifichwe

Tundu ni mlango wa duara ndani ya lenzi, uliotengenezwa kwa mabamba membamba yanayofunguka na kujifunga. Namba zake huwachanganya wengi, kwa kuwa namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Jambo hili halina maajabu ukijua kwamba namba hiyo ni kigawanyo: kwenye lenzi ya milimita 50, f/2 ni 50 kugawanya kwa 2, yaani tundu lenye kipenyo cha milimita 25, na f/16 ni tundu la milimita 3 na kidogo. Mfuatano wa 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16 hauonekani kuwa na mpangilio, lakini kila unaposogea hatua moja kwenda namba kubwa, eneo la tundu hupungua kwa nusu.

Bei ya tundu kubwa ni kina cha fokasi, yaani unene wa lile eneo ambalo ndani yake vitu huonekana wazi, kuanzia kilicho karibu nawe hadi kilicho mbali. Kwa f/1.8, ukiwa karibu na uso wa mtu, eneo hilo linaweza kuwa jembamba kiasi kwamba kope ziwe wazi na masikio yawe na ukungu. Kwa picha ya mtu mmoja hiyo ni faida: ukuta uliopasuka, waya za umeme na motari, yaani dereva wa pikipiki, anayepita nyuma hupotea, na anabaki yule uliyekuja kumpiga. Kwa picha ya ukoo ni hasara, na hasara hiyo niliijua kwa aibu. Nilipiga familia ya watu wengi katika safu tatu kwa f/1.8 kwa sababu nyuma ya kamera, kwenye kioo kidogo, picha ilipendeza mno. Ilipochapishwa, bibi aliyeketi mbele alikuwa wazi mpaka mistari ya kitenge chake, na wanawe waliosimama nyuma walikuwa kama watu wanaotazamwa kupitia dirisha lenye mvuke. Hakuna programu iliyoweza kuwarudisha. Tangu siku hiyo, kwa safu mbili silifungui tundu zaidi ya f/5.6, na kwa safu tatu naenda f/8.

Kwa mandhari, yaani mawe ya volkano mbele na mlima nyuma, f/8 au f/11 inatosha. Wapo wanaodhani kwamba f/22 itakuwa bora zaidi kwa kuwa kina chake ni kirefu zaidi, lakini mwanga unapopenyezwa katika kitundu kidogo mno hutawanyika kingoni, na picha nzima hulegea kidogo.

Kasi: mitikisiko miwili isiyo sawa

Shata ni pazia lililo mbele ya sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga na kuugeuza picha, na kasi yake ni muda linaobaki wazi. Kinachowapotosha wanaoanza ni kwamba ukungu wa kasi ndogo una vyanzo viwili visivyotibiwa kwa dawa moja. Chanzo cha kwanza ni mkono wa mpigapicha. Kanuni ya zamani inasema kasi isiwe ndogo kuliko moja kugawanya kwa umbali wa fokasi wa lenzi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake: lenzi ya milimita 50 ipewe angalau 1/50, ya milimita 200 ipewe 1/200. Kwa kamera yenye sensa ndogo ya kiwango cha APS-C, zidisha kwanza umbali huo kwa 1.5, au kwa 1.6 ikiwa ni Canon. Chanzo cha pili ni mwendo wa yule anayepigwa, na huo haujali mkono wako una utulivu kiasi gani. Stendi ya miguu mitatu huponya chanzo cha kwanza peke yake. Hata ule mfumo wa kutuliza picha ulio ndani ya lenzi za kisasa hufanya hivyo hivyo. Muuzaji atakayekuambia kwamba lenzi yenye mfumo huo itawagandisha watu wanaocheza ukumbini, ama hajui au anataka kuuza.

Mahali pazuri pa kujifunzia tofauti hii ni barabara ya Kibumba, ambako chukudu, yaani vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, hushuka zikiwa zimejaa kabichi au makaa. Kwa 1/1000 utaigandisha: gurudumu la mti limesimama, vumbi limening'inia hewani, shati la dereva limekunjamana mahali pamoja. Ni picha iliyo wazi kabisa, na mara nyingi ni picha iliyokufa, kwa maana mtazamaji hawezi kujua kama chombo kilikuwa kinakimbia au kimeegeshwa. Kwa 1/30, ukiizungusha kamera pamoja na chukudu tangu inapokukaribia mpaka inapokupita, dereva hubaki wazi kiasi na barabara nzima hugeuka mistari. Njia hii hukosea mara nyingi. Katika picha kumi huenda ukaipata moja. Ikiwa unapiga kwa kazi ya kulipwa na chukudu itapita mara moja tu, chagua 1/1000. Ikiwa una asubuhi nzima mbele yako, chagua 1/30 na usione haya kufuta.

Ukumbini kuna tatizo jingine ambalo halimo katika kanuni yoyote ya mkono wala mwendo. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Kamera hutambua. Kwa 1/500 unaweza kupata picha moja ya manjano, inayofuata yenye mistari ya giza, na ya tatu nzuri, ingawa hukugusa kitu. Kushuka hadi 1/100, au hata 1/50 ikiwa watu wameketi, huwa kunaondoa mistari hiyo.

Usiku, mlima Nyiragongo unapotoa mwanga mwekundu, kasi huhesabiwa kwa sekunde kamili. Kilele chake kina mita 3,470 na hakifiki kilomita 20 kutoka mjini, kwa hiyo lenzi ya kawaida inaweza kukionyesha. Hapo weka kamera kwenye stendi, ISO 400 au 800, sekunde 10 au 15, na tumia kihesabu cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera kinapobonyeza.

ISO: gharama ninayoilipa kwanza

ISO si mwanga. Tundu na kasi huamua ni mwanga kiasi gani unaofika kwenye sensa. ISO hukuza ishara ambayo sensa imekwisha kupokea, kama vile kuongeza sauti ya redio inayoshika kituo cha mbali, ambapo mtangazaji na mikwaruzo hupanda pamoja. Mikwaruzo hiyo ndiyo chembechembe. Kwa sababu ya hilo, wapigapicha wengi ninaowajua huiogopa ISO kuliko kitu kingine chochote. Wamesikia kwamba 100 ndiyo safi, basi wanashikilia 100 hata ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, na kamera, ikiwa haina pengine pa kupata mwangaza, inashusha kasi hadi 1/20.

Mimi nawashauri wafanye kinyume. Chembechembe hupungua kwa programu, hupungua tena picha inapofanywa ndogo kwa simu, na kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15 mteja wa kawaida hazioni mpaka umwonyeshe. Ukungu wa mtikisiko ni vigumu mno kuuondoa. Bibi harusi hatarudisha picha kwa sababu kivuli cha pazia kina mchanga. Atairudisha kwa sababu uso wa mama yake una macho manne. Kwa harusi, mikutano, michezo na watoto, pandisha ISO kwanza, 1600, 3200, hata 6400 kwa kamera za miaka ya karibuni, kabla ya kuigusa kasi. Ushauri huu hugeuka pale tu kamera iko juu ya stendi na kilicho mbele yake hakisogei: hapo ishushe ISO, hadi 100 ukiweza, na uache shata ichukue muda wake.

Ukubwa wa sensa una neno hapa. Sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 hupokea mwanga mwingi kuliko ya APS-C kwa tundu na kasi zile zile, na ya simu ni ndogo mara nyingi kuliko zote mbili. Ndiyo maana ISO 3200 ya simu na ISO 3200 ya kamera kubwa hazifanani, ingawa namba ni moja.

Jiwe jeusi, gauni jeupe na kipimo cha mwanga

Hata ukiyajua hayo matatu, kamera inaweza kukudanganya kuhusu kiasi gani kinatosha, na Goma ni mji unaoidanganya kamera yenyewe kuliko miji mingi. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimejengwa juu ya dhana kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina wastani wa kijivu cha kati. Sasa kielekeze kwenye mawe yaliyoachwa na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, au kwenye ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliyoishia kwenye viunga vya kaskazini, au hata kwenye ukuta wowote uliojengwa kwa mawe hayo. Kamera huona weusi mwingi, hudhani giza limeingia, huongeza mwangaza, na jiwe jeusi hutoka la kijivu kama majivu huku shati jeupe la mtu aliyesimama juu yake likiungua lote.

Gauni la bibi harusi hufanya kinyume chake. Weupe hujaza fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na gauni hutoka na rangi ya maji ya kufulia huku uso wa bibi harusi ukizama gizani. Huu wa pili ndio ubaya mkubwa zaidi, kwa sababu ngozi nyeusi iliyopigwa katika mwanga haba hupoteza hudhurungi yake na kuwa ya kijivu, na ukijaribu kuipandisha baadaye kwa programu chembechembe huanza usoni, mahali ambapo kila mtu anatazama.

Kamera nyingi zina aina tatu za kupima: fremu nzima, eneo la katikati, na nukta moja. Nukta huonekana kuwa suluhisho, kwa kuwa unaweza kuielekeza usoni na kulisahau gauni. Hata hivyo nayo ina dhana ile ile ya kijivu, na uso mweusi ni mweusi kuliko kijivu hicho. Ukiitii nukta hiyo utaupausha uso na kuliunguza gauni mpaka lesi isionekane. Kwa anayeanza napendelea kipimo cha fremu nzima pamoja na kitufe chenye alama za kuongeza na kupunguza: kupunguza hatua moja mbele ya mawe meusi, kuongeza kati ya nusu na hatua moja mbele ya gauni, kisha kutazama kioo na kurekebisha. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akisimama kando yake, mara nyingi weusi na weupe husawazishana, na hapo kitufe kibaki sifuri.

Lenzi ya zumu au ya umbali mmoja

Kamera nyingi za APS-C zimekuwa zikiuzwa pamoja na lenzi ya zumu, yaani inayovutika, ya milimita 18 hadi 55 yenye tundu la f/3.5 hadi 5.6. Ina maana kwamba ukiivuta hadi 55 tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo kwa watengenezaji wakubwa huwa miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa, hupitisha karibu mara kumi ya mwanga huo. Kwa ukumbi wa usiku hiyo ndiyo tofauti kati ya ISO 1250 na ISO 12800.

Isipokuwa kwamba milimita 50 kwenye sensa ya APS-C hutazama kama milimita 75 au 80, na katika chumba cha nyumba ya Birere utagusa ukuta kwa mgongo kabla familia yote haijaingia kwenye fremu. Anayepiga ndani ya nyumba ndogo anunue milimita 35 badala ya 50. Anayepiga mtu mmoja mmoja nje, kando ya ziwa, achukue 50. Anayepiga tukio zima peke yake bila nafasi ya kusogea asiiuze ile ya zumu. Zumu ya kidijitali, ile ya kupanua kwa vidole kwenye simu, si zumu ya lenzi: kwa sehemu kubwa ni kukata picha katikati na kuikuza, jambo ambalo unaweza kulifanya nyumbani.

RAW au JPEG, na rangi ya mwanga

Faili la JPEG limekwisha kupikwa na kamera na lina ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi. La RAW ni mbichi, lina ngazi 4,096 au 16,384 kulingana na kamera, na ni kubwa mara kadhaa. Anayetuma picha kwa WhatsApp dakika ile ile hana haja ya RAW. Anayepiga gauni jeupe na suti nyeusi chini ya jua la saa saba mchana anaihitaji, kwa kuwa lesi iliyokaribia kuungua mara nyingi hupatikana humo na haipatikani katika JPEG. Ukichagua RAW, hesabu pia kompyuta, umeme wa kuiwasha, na kadi ya pili.

RAW hukuondolea pia sehemu ya wasiwasi wa mizani ya weupe, ambayo huiambia kamera mwanga una rangi gani. Mwanga wa jua la mchana huhesabiwa kuwa Kelvini 5500 hivi, wa balbu ya waya karibu 3000, wa kivulini 7000 au zaidi. Katika JPEG chagua mapema. Katika RAW utabadilisha baadaye bila hasara.

Herufi za kwenye gurudumu

Kwa anayetaka kuanza Jumamosi hii, chaguo la mwisho ni herufi gani aiweke juu ya kamera. P huamua karibu yote, na haikufundishi mengi. M hukuachia yote, nayo inafaa studio au mlima usiku, mahali ambapo mwanga haubadiliki. S, inayoandikwa Tv kwenye Canon, hukuruhusu kushika kasi, na ndiyo ya chukudu. A, au Av, hukuruhusu kushika tundu, na ndiyo ninayoipendekeza kwa siku ya harusi, kwa sharti moja: ingia kwenye menyu, iache ISO ijichagulie yenyewe, iwekee kikomo cha juu cha 6400 na kasi ya chini kabisa ya 1/125. Baada ya hapo, kuanzia komini, yaani ofisi ya serikali inayofungisha ndoa, mpaka kanisani na kutoka kanisani mpaka ziwani, kidole chako kitakuwa na kazi mbili tu: gurudumu la tundu, na kile kitufe cha kuongeza na kupunguza.